Kabange, Nimelizika Behewa Letu

Mpendwa Kabange, pacha wangu,

Leo nimechoka hadi kuvua viatu nimeona ni kazi. Nimekaa kizingitini na vumbi la mji wetu wa Kamina miguuni. Maneno yangu hayatoki mbele ya watu, kwa hiyo nakuandikia wewe, ambaye hukuwahi kunicheka nikinyamaza.

Unakumbuka garimoshi letu? Makopo matatu ya sardini yaliyofungwa kwa uzi, magurudumu ya vizibo vya soda. Tulilikokota kutoka jikoni hadi kwenye mihogo, na kila mara mkuu wa stesheni ulikuwa wewe.

"Kyungu, weye iko abiria," uliniambia. "Abiria hasemake."

Nilifurahi kuwa abiria. Tulikuwa na miaka sita.

Kisha surua ikakuchukua. Mama alipofungua kinywa kulia, shangazi alimshika mkono: "Mapasa habalilie." Kwetu pacha haliliwi, machozi yasije yakamvuta na aliyebaki. Aliyebaki nilikuwa mimi, basi nyumba nzima ilimeza machozi kwa ajili yangu. Mama aliendelea kununua magauni mawili kila Noeli, moja la kuvaa, moja la sandukuni. Mimi nilificha behewa moja la garimoshi letu. Sikulia. Niliogopa kufa, halafu nikaona haya kwamba niliogopa.

Mwaka huu nimemaliza shule. Mke wa mchungaji aliniomba nisaidie katika chumba cha michezo nyuma ya kanisa, wanakoletwa watoto waliolemewa na huzuni. Humo hamna dawa. Kuna beseni la mchanga, wanasesere wa vitambaa, makopo na chaki. Yeye alifundishwa kazi hiyo, na alituagiza jambo moja tu: mtoto anapocheza ndipo anaposema, kwa hiyo usimsahihishe, kaa chini. Nikadhani nimeelewa.

Yupo msichana wa miaka mitano, Numbi, ambaye hakuwa amesema neno tangu mdogo wake afariki. Kila asubuhi alimzika mwanasesere yuleyule mchangani, akapigapiga juu kwa kiganja, akakaa. Wiki tatu, Kabange. Nilichoka kutazama. Siku moja nikamfukua mwanasesere, nikamwosha, nikampa Numbi mkononi. "Angalia, iko muzima."

Aliniangalia kama mtu aliyeibiwa. Kesho yake hakuja, wala siku zilizofuata.

Leo asubuhi nikaenda kwao. Nilichukua behewa letu nikidhani nitampa alichezee. Nyanya yake, ambaye mtaa mzima humwita Nkambo, alikuwa uani anachambua sombe, majani ya mihogo.

"Njo weye?" akasema. "Mutoto haiko nalala tena. Ile michezo yenu inaponesha nini? Jumatatu namupeleka Bukama kwa baba yake mukubwa. Kule kuko mashamba, atasahau."

Nililigeuzageuza behewa mkononi. Unajua nilivyo.

"Na weye haujue kusema? Basi banatuma bubu kuponesha bubu."

Nilichoka hata kujitetea. Nikapiga magoti kando ya ukuta, nikachimba shimo kwa kijiti, nikaweka behewa ndani. Numbi akatoka nyuma ya mlango. Alikuja polepole, akaketi, akafukia kwa mikono miwili, akapigapiga kwa kiganja.

"Ni nani?" akauliza. Sauti yake ilikwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

Mikono ya Nkambo ikasimama juu ya majani.

"Kabange," nikasema. "Tulizaliwa pamoja."

Hapa kwetu hakuna asiyejua kwamba jina hilo hupewa pacha. Nilijua Nkambo atanikataza kulia, kwa sababu machozi yalikuwa yameshaanza. Alinitazama mimi, akatazama kile kichuguu kidogo cha udongo, akabeba ungo wake na kwenda kukaa upande wa pili wa nyumba.

"Miye sione kitu," akasema kutoka huko.

Basi tukalia, mimi na mtoto wa miaka mitano, kila mmoja na wake. Nilipoaga nilimweleza Nkambo nilivyomwosha yule mwanasesere, naye hakuinua macho kutoka kwenye sombe.

"Kesho kuya umuchukue mapema kwa ile michezo yenu. Na kale katoto ka bitambaa, usikanawishe tena."

Sijui kama Numbi atalala leo. Sijui kama nafaa kwa kazi hii. Najua nimebeba kopo tupu miaka kumi na miwili na mabega yananiuma. Nimekulilia, na bado niko hapa. Mama ananiita nikale, na nina njaa. Nikitoka mezani nitamwambia nilichofanya, huenda naye amechoka kumeza machozi.

Behewa nimeliacha kwa Numbi. Akitaka kulifukua, ni haki yake.

Sasa abiria ni wewe. Safiri salama, wala usihangaike kunijibu. Nimeshasema mimi.

Pacha wako,
Kyungu