Moto Uliopita Juu ya Yamumbi

Yamumbi, Eldoret
Alhamisi

Kwako dada yangu Seline,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Mguu wa Mama unaendeleaje? Watoto wamerudi shule? Mimi mwili uko sawa, na kazi ya kuchomelea milango ipo. Najua utanicheka kuandika barua na simu ninayo. Ouma wa hapa kazini anasafiri kesho kuja huko, atakupa mkononi. Kwa simu ningekudanganya tena.

Juzi Jumanne, saa mbili usiku, stima zilikuwa zimepotea, mtaa mzima giza. Nilitoka kumwaga maji ya vyombo. Aki Seline, ghafla uwanja wote ukawa mweupe kama mchana! Mpira wa moto ulitokea upande wa Ziwa, mbele kijani, nyuma mkia mwekundu, ukakatika vipande viwili juu ya mahindi ya jirani, ukazima. Baadaye mshindo ukatetemesha madirisha. Redio imesema ni kimondo, jiwe la angani.

Kabla hata sijaogopa, nilimwita mke wangu Bridgit kwa sauti yote atoke aone. Nikasimama pale na beseni nikingoja.

Aliyetoka ni jirani, Mama Waiyego, akidhani transfoma imelipuka. Aliniuliza polepole namwita nani. Nilimwonyesha tu angani. Akarudi kwake, nikawasikia yeye na wanawe wakibishana kama ni ndege imeanguka, wakicheka. Niliwaonea wivu, wallahi. Nilikaa gizani na kitu kikubwa hivyo, sina wa kumwambia.

Dada, Bridgit aliondoka mwezi wa pili. Hakunikosea. Mimi nikikasirika hunyamaza wiki nzima, unanijua, na yeye alichoka. Yuko Kisumu, na amesema harudi. Kila Jumapili mkipiga simu kumuulizia, nasema yuko kanisani.

Kwao pia hawajui. Aliniomba nianze mimi kuwaambia wazee wetu, nikakubali, nikanyamaza. Sasa Jumamosi Baba anapeleka ng'ombe sita wa mahari kwao. Wakishapokelewa, wazazi wake watamlazimisha arudi kwangu. Na Mungu anisamehe, Seline, nilinyamaza kwa sababu nilitaka iwe hivyo.

Tafadhali mzuie Baba. Mwambie kosa ni langu, asimlaumu yule msichana. Akitaka kunitukana, anipigie, nitapokea.

Msalimie Mama na watoto. Salamu hizi zinatoka kwa mtu mmoja tu.

Ndugu yako,
Opondo