Tarehe Nyuma ya Simu

Lukozi, Lushoto
9 Juni 2025

Kwako Dada Raheli,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mtwara, pamoja na shemeji na mtoto wetu Janeth. Sisi huku tupo, baridi ya Juni nayo ipo, na ukungu haujatuuliza kama tumeanika maharage. Mama ni mzima. Masikio yake ni yale yale, humwelewa mtu kwa kumtazama mdomo, lakini macho ni makali: jana kachambua debe zima la maharage bila miwani. Hilo la macho nitalirudia, usilipite haraka.

Utashangaa kuona barua, wakati kitochi changu, hiki kisimu cha vitufe, kinashika mtandao vizuri. Sababu iko mbele.

Habari kubwa ni kwamba karoti zimepata bei mwaka huu, na Alhamisi iliyopita nilishuka mjini Lushoto na mama kununua simu ya kuonana, ili akuone wewe, na amwone Janeth anavyojifunza kutembea. Sauti tupu haimsaidii mama. Yeye husikia kwa uso wa mtu.

Dukani alitupokea kaka mmoja wa Korogwe, anaitwa Edgar, mchangamfu kiasi cha kutia wasiwasi. Akaweka mezani simu mbili za bei sawa. Ya kwanza ilikuwa ya fahari, toleo la zamani kidogo, mgongo wa kioo, kamera tatu. Ya pili mpya, ya plastiki, sura kama kipande cha sabuni. Mkono wangu, dada, ulikwenda wenyewe kwenye ile ya kamera tatu. Nikaanza kumweleza mama sifa zake kana kwamba duka ni langu.

Mama hakuzitazama kamera. Aliigeuza simu, akatafuta chini, akatafuta ubavuni, kisha akaniuliza kwa Kishambaa tarehe yake imeandikwa wapi. Unajua tangu mwaka ule nilipomnunulia kopo la mbegu za kabichi lililopitwa na tarehe, kitalu kizima kikatoa miche saba, hanunui kitu kabla hajasomewa mwisho wa matumizi. Nikamtafsiria Edgar huku naona haya. Akacheka mpaka akashika meza, akasema simu si maziwa, haichachi.

Mama alikuwa anamtazama mdomo. Akamjibu kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Mbegu nazo hazichachi, mwanangu. Zinakaa kimya tu."

Edgar akaacha kucheka. Sijui ilikuwa aibu au udadisi, ila alitoa simu yake mfukoni akatafuta. Akasoma, akakuna kichwa, akatueleza kiungwana kwamba ile ya fahari waliacha kuiletea masasisho tangu mwaka juzi. Itawaka, itapiga picha, lakini programu zitaanza kuikataa moja moja. Ile sabuni itasasishwa hadi 2031. Halafu akatafuta na habari za ile aliyoishika mwenyewe, akairudisha mfukoni bila kutuambia kitu.

Tukachukua sabuni.

Sasa nifike pale nilipokuwa napakwepa. Mwaka jana uliponiagiza nimnunulie mama simu itakayosasishwa muda mrefu, hata kama haina sura, nilikujibu kwamba nimefanya hivyo. Sikufanya. Nilinunua gulioni simu ya ukoo mmoja na ile ya kamera tatu, ili wenzangu wa kwaya waione. Mwezi wa tatu mwaka huu ile programu ya kuonana ikaniandikia kwamba haifanyi kazi tena kwenye simu hiyo. Wewe nikakwambia mwanga wa kioo unamuumiza mama macho, hataki tena kupigiwa. Mama nikamwambia una zamu nyingi hospitalini. Miezi mitatu, dada. Na kila Jumapili alivaa kile kitenge ulichomletea, akakaa akisubiri, jioni akakivua na kukikunja.

Pale dukani aliposema zile mbegu zinakaa kimya, nilishindwa kumtazama. Tulipofika stendi nikasimama mbele yake ili auone mdomo wangu vizuri, nikamwambia yote. Tukapanda gari la kurudi, tukapita Magamba. Hapo akatoa hukumu: palizi ya kabichi zake zote ni yangu hadi mvua za vuli, na wewe nikuandikie kwa mkono wangu, kwa sababu mtu akiungama kwa kitochi anaweza kusingizia mtandao.

Nisamehe, dada. Nilikunyima uso wa mama kwa ajili ya mgongo wa kioo.

Piga Jumapili ya tarehe 22, baada ya ibada. Namba ni ile ile. Mama ameshachagua kiti na upande wenye mwanga. Amenifanya nibandike plasta nyuma ya simu, niandike 2031 kwa wino mzito, kama tunavyoandika kwenye makopo ya mbegu. Anasema ukifika mwaka huo Janeth atakuwa anajua kumsomea tarehe.

Msalimie shemeji. Mama naye anawasalimu, na anaomba Janeth mzidi kumshika mkono kidogo, asiachiwe atembee peke yake kabla ya Jumapili hiyo.

Ni mimi mdogo wako, nikitoka kwenye palizi,

Tobia