Alama za Kushukia

Fontevecchia,
Serracupa, Abruzzo,
Italia.
Tarehe 8 Julai 2019.

Mpendwa mjukuu wangu Berardo,

Kwanza nakusalimu, kukugombeza kutafuata. Hujambo? Mkeo Maureen hajambo? Na Alba je, meno yake ya mbele yameota, au bado anacheka kama lango lililovunjika? Nasikia huko Toronto hata mwezi wa sita watu huvaa sweta. Vaa ile ya sufu niliyokufumia. Usiniambie inawasha. Inawasha kwa sababu ni sufu.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto linauma kama kawaida yake, na la kulia limeanza kuliiga. Kuku wanataga. Mvua ya mwezi wa tano ilikuja vizuri na dengu zimesimama shambani.

Barua yako ya Pasaka niliipata. Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili niliikunja nikaitia chini ya mguu wa meza ya jikoni, na meza haichezi tena, kwa hiyo ahsante. Unaniambia nimsikilize shangazi yako Iolanda, nifunge nyumba, nikakae naye Pescara ghorofa ya tano niwe naangalia bahari. Bahari nimeshaiona. Ni tambarare. Tena unaniambia niiache njia ya babu yako ijifie, kwamba ni njia tu. Basi kaa chini nikueleze mwezi wa sita ulivyokwenda, maana najua Iolanda ameshakupigia simu na amekueleza vibaya.

Mwezi wa nne walibandika karatasi kwenye mlango wa baa. Ofisi ya hifadhi inatengeneza ramani mpya, na njia tano zitafutwa kwa kuwa hazina mtunzaji. Ya kwanza kwenye orodha ni yetu, hii inayoanzia kwenye chemchemi, inapita msituni na kupanda mpaka shingo ya mlima, pale unapovukia bonde la pili. Njia ambayo babu yako Panfilo aliipaka alama nyekundu na nyeupe miaka arobaini, kila mwaka kabla kondoo hawajapandishwa malishoni. Njia aliyopita baba yako, Mungu amrehemu, wewe ukiwa mabegani kwake unamvuta nywele. Njia ikishatoka kwenye ramani hakuna anayeipita, na isiyopitwa inageuka miiba kwa misimu mitatu. Hapo Serracupa itabaki kijiji cha wazee kumi na tisa mwisho wa barabara isiyokwenda popote, na ofisi nyingine italeta karatasi nyingine ya kutufuta na sisi.

Siku ile ile nikashuka ofisini. Nilimkuta askari wa hifadhi, binti mmoja anaitwa Fiorenza, mrefu, mpole, anaongea kama mtu anayembembeleza ng'ombe aingie zizini. Nikamwambia mtunzaji amefika.

"Bibi, hapa naona una miaka themanini na moja."

"Najua. Nimeiishi yote."

"Njia ile inapanda mita mia saba."

"Naijua kuliko unavyozijua ngazi za kwenu."

Akacheka, akanipa kalamu. Masharti yao yalikuwa haya. Nisafishe njia, nipake alama upya, na siku ya Mtakatifu Yohana, tarehe ishirini na nne mwezi wa sita, yeye ataipanda na kuishuka bila ramani, bila simu, bila kuuliza mtu, akifuata alama peke yake. Akienda na kurudi salama, njia inabaki. Akipotea, inafutwa. Fomu ilikuwa na mstari wa pili wa kujaza. Huo nitakueleza mwishoni, usiwe na haraka.

Nilimchukua Nunzio, jirani yetu, yule aliyekufundisha kupiga mluzi kwa vidole. Theluji ya mwaka huu iliangusha miti kumi na moja juu ya njia. Tuliikata kwa msumeno wa watu wawili, yeye anavuta huku, mimi navuta kule, na katikati tunatukanana.

"Ersilia, ukifia huku sikubebi."

"Nawe ukifa nakuachia dubu, ijapokuwa dubu hajanikosea kitu."

Wiki tatu. Nilipaka alama arobaini na tatu kwa brashi ya babu yako, ile niliyoiloweka siku mbili ndipo ikakumbuka kwamba ni brashi. Nyekundu na nyeupe, jiwe kwa jiwe, palepale alipokuwa akipaka yeye. Iolanda alipiga simu kila jioni kuniuliza kama nimeanguka. Nilimwambia nikianguka nitamjulisha.

Siku ya Mtakatifu Yohana Fiorenza aliondoka saa mbili asubuhi. Mimi na Nunzio tukamsubiri kwenye chemchemi na mkate, jibini la kondoo na chupa ya mvinyo. Saa sita, kimya. Ukungu ukashuka ukafunika msitu wote. Saa tisa Nunzio alikuwa ameshakula jibini lote kwa wasiwasi. Saa kumi simu ya baa ikalia. Binti yuko salama. Amefika Roccatorta.

Roccatorta, Berardo, bonde la pili! Kuna vijiji vingapi duniani? Akaenda kutokea kwa watu tuliogombana nao, ambao hatujafanya nao maandamano ya siku ya mtakatifu tangu babu yangu akiwa kijana. Wakamkaribisha, wakamkausha nguo, wakampa supu ya dengu zao zile zisizoiva, na nasikia mpaka leo wanacheka.

Kesho yake alikuja kwangu, miguu imechubuka. Nikamwekea kahawa, kisha nikamuuliza anatumia macho kufanyia nini.

"Kupanda nimepanda bila shida," akasema. "Njia nzuri, Bibi, sijawahi kuona alama zilizopakwa vizuri vile. Lakini nilipogeuka kushuka, hakuna hata moja."

"Zipo arobaini na tatu."

"Zipo upande wa pili wa mawe. Mtu anayepanda anaziona. Anayeshuka amezipa kisogo."

"Na mtu anayerudi nyumbani anataka kuonyeshwa nini?"

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyo. Hakuna mtu wa Serracupa aliyewahi kupaka alama upande wa kushukia. Kupanda, sawa, huko juu theluji hubadilisha mambo kila mwaka. Lakini kushuka ni kurudi kwenu, unasikia kengele ya kanisa, unasikia mbwa wako, miguu inajiendea. Babu yako alikuwa akisema anayehitaji kuonyeshwa nyumbani kwao, afadhali abaki juu na kondoo. Miaka arobaini alipaka hivyo na hakupotea mtu.

Fiorenza aliniangalia, akasema polepole, "Bibi, mimi kwetu si hapa. Karibu wote wanaoshuka njia hii siku hizi kwao si hapa. Na wale wa hapa, wako wapi?"

Nikamwambia kahawa inapoa.

Alipoondoka alinipa mpaka Jumapili ya pili. Hakulazimika. Lakini usidhani nilimshukuru.

Iolanda akasikia habari za Roccatorta, akaja na gari asubuhi kunichukua. Akaingia chumbani kwangu, akaanza kupanga nguo zangu kwenye sanduku bila hata kuuliza zipi.

"Mama, imetosha. Watu wazima hawabishani na mlima."

"Sibishani na mlima. Nabishana na wewe. Weka chini hilo gauni, shika hili kopo."

"Kopo la nini?"

"La rangi. Unadhani nitalibeba mwenyewe na goti hili?"

Alipanda na mimi, Berardo, na viatu vyake vya Pescara vyenye vifungo vya dhahabu. Alinung'unika mpaka kwenye misonobari mifupi, kisha pumzi ikamwishia, ndipo tukawa na amani. Kwenye ule mwinuko wenye mawe madogo alinisukuma kwa nyuma kama gunia. Hilo atakuficha, kwa hiyo nakwambia mimi.

Tulipofika juu kwenye shingo ya mlima nilikaa nikala mkate. Halafu nikageuka nikatazama chini. Sasa sikiliza, na hili usimwambie Nunzio. Nimeshuka pale tangu nina miaka sita, na siku ile nikajilazimisha kutazama kama mtu ambaye kwao si hapo. Nilichoona ni mawe. Mawe matupu, yote yanafanana, na mabonde mawili yanayoshuka sawasawa, moja la kwetu na moja la Roccatorta, na hakuna kitu hata kimoja kinachosema lipi ni lipi. Kanisa halionekani. Moshi wangu hauonekani. Nikajiambia, Ersilia, mjukuu wako mwenyewe akikaa mbali miaka tisa, akasimama hapa siku ya ukungu, atakwenda wapi?

Nilipaka upande wa pili wa kila jiwe. Iolanda alikuwa akitangulia hatua thelathini, anageuka, nami namwuliza, "Unaona?" Akisema haoni, tunahamia jiwe lingine. Pale penye mteremko mkali nilishuka kwa makalio. Sketi ya bluu haifai tena, imekuwa ya kufutia jiko. Tuliimaliza kazi kwa siku tatu, na siku ya tatu Iolanda alikuja na buti za Nunzio akiwa amejaza magazeti ndani, hata hakungoja nimwite.

Jana ndiyo ilikuwa Jumapili. Fiorenza alipanda, na kana kwamba umeagizwa, ukungu ukashuka tena. Safari hii tulimsubiri nyumbani kwangu, na Nunzio akaanza kulikodolea jibini macho. Nikampokonya. Saa saba na nusu nikasikia viatu uani.

Hakuishia chemchemini. Alikuja mpaka kwenye mlango wa jiko langu, kwa sababu alama ya arobaini na nne nimeipaka hapo, kwenye jiwe la mlango, upande wa mkono wa kulia.

"Bibi, njia ya hifadhi inaishia kwenye chemchemi. Alama kwenye nyumba ya mtu hairuhusiwi."

"Kitambaa hicho hapo. Ifute mwenyewe."

Akaiangalia alama, akaniangalia mimi, akaangalia mishikaki ya kondoo iliyokuwa kwenye makaa. Akavua mkoba, akakaa. Alikula kumi na nane. Alama ipo pale pale, na njia itakuwepo kwenye ramani mpya.

Sasa ule mstari wa pili. Masharti yao yanasema mtunzaji aliyepita miaka sabini lazima amtaje mwenziwe wa chini ya hapo, ambaye atakuja mwenyewe kutia sahihi kabla ya Mtakatifu Yohana wa mwakani. Asipokuja, njia inafutwa na hakuna kupewa Jumapili ya pili. Nunzio ana sabini na sita. Iolanda ana miaka hamsini na tisa na angekubali, siku hizi hata anajisifu sokoni, lakini sikumwandika.

Nimekuandika wewe. Sikukuuliza kwa sababu nilijua ungenijibu kwa barua, na meza yangu haihitaji barua nyingine. Fiorenza aliniuliza huyu Berardo yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Akauliza atafika lini. Nikamwambia amwulize akifika.

Usinitumie sababu zako. Kazi yako naijua, nyumba yako naijua, Maureen anapenda milima, aliniambia mwenyewe kwa vidole siku ya harusi. Na mimi Pescara siendi. Nitakuwa hapa, na brashi nimeiosha.

Nisalimie Maureen, na Alba mwambie kuna kuku mweupe ni wake, sitamchinja. Nunzio anakusalimu na anauliza kama bado unaweza kupiga mluzi. Shangazi yako anakusalimu, buti bado hajazirudisha. Mungu akutangulie, na Mama Bikira wa mlima wetu akushikie mkono kwenye barafu ya huko.

Ukija, pitia juu kama baba yako alivyokuwa akipitia. Na hata ukiwa umesahau kila kitu, hata kukiwa na ukungu, usije ukaniambia ulikosa pa kushukia. Nimekupakia alama zote, mpaka mlangoni.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye bila kuomba ruhusa,

Ersilia