Inchi nne za mwalimu

Shosti, acha hicho unachofanya. Leo nimeumbuka!

Unamkumbuka yule mwalimu mnene, mteja wangu wa siku zote? Jumamosi anamwoza binti yake. Sasa mimi na kiherehere changu, gauni la mwalimu mwenyewe nikalishona dogo kwa inchi nne. MAKUSUDI! Eti likimbana atapata moyo wa kupunguza mwili.

Leo kaja kulijaribu. Zipu ikapanda mpaka kiunoni, ikagoma. Yeye anabana pumzi, mimi navuta zipu, jasho linatutoka wote wawili. Mwishowe nikakiri. Na juu ya hayo nikampa na ushauri: "Mama, jitahidi tu ule kidogo."

Ule kidogo! Mdomo huu huu!

Heri angefoka. Alikaa kwenye kiti changu cha cherehani, mgongo wazi, akasema, "Mwanangu, kwetu tulizaliwa tisa, tukala sinia moja. Ukila polepole unalala njaa. Leo nina miaka hamsini na mbili, binti ana kwake, naishi peke yangu, na bado nakula kama kuna mtu ataninyang'anya tonge. Unadhani sijajaribu kuacha?"



Halafu akacheka, akavua gauni, akanirushia. "Nishonee mwili niliokuja nao. Ule mwingine ukifika, nitauleta upimwe."

Sasa hivi nafumua. Na unajua nimekuta nini ndani ya mishono? Kitambaa cha akiba cha kulipanulia, inchi nne kamili, nilikiacha bila hata kufikiri. Yaani mikono yangu ina utu kunishinda mimi mwenyewe.