Ujira au Thawabu

Ijumaa. Jua kali tangu asubuhi, na roho yangu imechafuka.

Leo Bwana Shauri, hakimu wa Serikali kutoka Kilindoni, alikuja Kirongwe kusikiliza shauri letu sisi wafuaji nazi wa shamba la wakfu, mali ya msikiti. Mimi ndiye niliyekwenda Kilindoni kushitaki. Nilitaka kujua jambo moja tu: sheria ya Serikali ya ujira na saa za ziada inatuhusu na sisi tunaofanyia kazi msikiti? Msimu wa kukausha nazi ziwe mbata tunafua tangu alfajiri mpaka magharibi, tukalipwa kama tuliorudi nyumbani adhuhuri.

Bwana Nasibu, msimamizi wa wakfu, aliulizwa mwajiri wetu ni nani. Akapapasa ndevu zake.

"Mwajiri wao ni Mungu, Bwana. Wakamshitaki Yeye."

Watu wakacheka. Hata wafuaji wenzangu walicheka, wapumbavu wale, na viganja vimewachanika.

Bwana Shauri hakucheka. Alisema msikiti ukiajiri ni mwajiri kama mwingine yeyote, ila anayejitolea kwa ajili ya dini hana ujira wa kudai. Basi kila mmoja aseme mwenyewe: anafanya kazi kwa ujira au kwa thawabu?

Hapo Bwana Nasibu akatukumbusha, kwa upole kabisa, kwamba jioni kuna kisomo cha Halbadiri, cha kuwaapiza wote wanaokula mali ya wakfu.

Nani asiyeiogopa Halbadiri?

"Thawabu," akasema wa kwanza. Na wa pili. Na wote waliofuata. Niliwachukia mmoja mmoja.

Ikafika zamu ya mama yangu, ambaye hufua nazi kando yangu. Alinitazama, akainamisha kichwa. "Thawabu, Bwana."

Mimi nilisema ujira. 

Nimeshinda! Bwana Shauri aliamuru nilipwe, mimi peke yangu, nikalipwa mbele yake. Alipoondoka tu, Bwana Nasibu akanifukuza kazi, kisha akamgeukia mama.

"Bi Mkubwa, lundo la nazi la binti yako utalimaliza wewe. Thawabu zake nyingi."

"Inshallah, Bwana," mama akajibu.

Sasa ameketi mlangoni anajifunga matambara viganjani. Nilimwekea fedha zangu mapajani, akazisukuma chini.

"Ziondoe, mwanangu. Zinasomewa Halbadiri hivi sasa."

Kesho alfajiri atakwenda kufua lundo langu. Mimi nitabaki nyumbani na sheria yangu.