Mwana wa Mama Odhiambo

Jumanne, Julai 1974

Wewe utakayeliokota daftari hili, nakusihi usimwambie mtu hata neno moja. Mimi nitafukuzwa kazi, na mama mmoja atakosa chakula.

Leo wazee wa Kibera walikuja mbele ya afisa kuomba msaada wa serikali. Wanaopewa ni wasio na mtoto wa kuwatunza. Afisa hajui Kijaluo, kwa hiyo mimi karani ndiye mkalimani.

Askari wa mlangoni aliita, "Mama Odhiambo, ingia."

"Odhiambo ni nani?" afisa akauliza.

Nilimuuliza mama. Akajibu kwa Kijaluo, kwa fahari, "Ni mwanangu. Yuko Kawangware. Ana shughuli nyingi tu, atakuja."

Sisi majirani zake tunajua Odhiambo hajakanyaga kwa mama tangu aoe, na kwamba mama hulala njaa.

"Anasemaje?"

"Anasema Odhiambo ni marehemu."

"Pole sana, mama," afisa akasema, akakubali apewe.

Mama, asiyejua Kiswahili, aliposikia jina la mwanawe alitabasamu. Huko nje akanishika mkono. "Umewaambia ni kijana mzuri?"

"Nimewaambia, mama."

Kwetu, kumtangazia kifo mtu aliye hai ni kukiita kije... Siwezi kuandika.

Ukimfahamu Odhiambo, tafadhali usimpeleke ofisini. Mlete kwangu kwanza, jioni, Kisumu Ndogo hapa Kibera, nyuma ya kanisa la mabati. Uliza nyumba ya karani. Nataka kuona kwa macho yangu kwamba bado anapumua.