Musili na Mtihani wa Ngoma

Jamhuri, Nairobi
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Wifi mpendwa Syokimau,

Hujambo wewe, na watoto je? Na magoti yako, baridi ya huko inayaruhusu kupanda ngazi? Sisi tuko salama, shukrani kwa Mungu. Jamhuri yote ni vumbi, lakini afya tunayo.

Nakuandikia kwa mkono, barua nampa Debra wa kanisani anayesafiri kuja huko. Nikikupigia simu, kaka yako huketi papo hapo akisikiliza, na habari yenyewe inamhusu yeye.

Unajua Musili ameishi kwa ngoma za jazi tangu ujana. Hoteli za katikati ya jiji zinamjua, na miaka kumi na tisa sasa anafundisha watoto katika shule moja ya Kitisuru. Mwezi wa tano shule hiyo ikapata mwalimu mkuu mpya, naye akataka vyeti. Musili ana vijiti, vyeti hana. Akaambiwa apite mtihani wa muziki wa gredi ya tano kabla ya mwaka kwisha, la sivyo nafasi yake itatangazwa.

Nilikasirika, wifi. Mtu wa miaka hamsini na nane, wanafunzi wake wanapiga ngoma mpaka Johannesburg. Yeye akanyoa ndevu tu, akajiandikisha.

Siku yenyewe nilimsindikiza mjini. Foleni ilikuwa ya watoto wa miaka kumi na mama zao, na mzee wangu katikati amevaa lile koti lake la harusi. Mama mmoja akamuuliza, "Mzee, mjukuu wako ako wapi?" Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikataka kulia.

Mlango ukafunguliwa, na mtahini ni Wavinya. Yule binti wa Kilonzo aliyejifunzia ngoma sebuleni kwangu, akagonga sufuria zangu mpaka zikabonyea. Nikasema moyoni, Mungu si Athumani, tumepita.

Hatukupita. Kupiga alipiga, hata wale watoto huko nje wakasogea mlangoni. Lakini alipowekewa karatasi ya nota ambazo hakuwahi kuziona, alikwama. Musili hupiga kwa sikio. Kusoma nota hakujua sawasawa, na aibu hiyo ameificha miaka yote, hata kwangu mimi mkewe. Matokeo yalipokuja, alikuwa amepungukiwa alama mbili za kupita.

Nilimpigia Wavinya nikamwambia maneno mengine siwezi kuyaandika. "Alama mbili tu, na umekula ugali wangu miaka sita?" Akalia. Akasema, "Mama, ningempa, ningekuwa namdanganya."

Musili akaninyang'anya simu. Akamwambia, "Pigo likipotea limepotea. Si ndivyo nilivyokufundisha?" Kisha akaniambia mimi nione haya. Niliona, lakini si siku hiyo.

Atarudia Novemba, na akikosa tena, kazi imekwenda. Kwa hiyo ukimpigia usimpe pole. Pole zimemchosha. Mtanie kama mlivyotaniana utotoni, umuulize nota zimefika wapi. Kwako atacheka.

Nisalimie shemeji Mwangangi, umbusu Kasyoka mdogo, na Ndeti umwambie mimi nyanya yake namuombea kila siku.

Nilitaka kufunga hapa, lakini sijakueleza ya jana. Baada ya ibada nilimwona Wavinya nje ya geti letu na vitabu kifuani, anaogopa kubisha. Nami sikutoka, nilikuwa bado na donge langu. Musili ndiye aliyetoka. Akampokea vitabu, akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, yeye akachukua stuli. Akafungua daftari jipya, akachonga penseli, akasema, "Haya mwalimu, anza na mimi kutoka mwanzo."

Msichana wa watu akafungua kitabu cha kwanza. Nilikwenda nikamwomba msamaha mbele ya mume wangu. Miaka thelathini nimeishi na mtu huyu, wifi, na jana nilimpenda upya.

Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ni mimi wifi yako nisiyekuchoka,
Mama Ndunge